Kashata na Hodi ya Tatu

Bi Rukaiya hakuwa mtu wa mbwa. Tuliweke hilo wazi mapema, maana wapo majirani zake wa Mwananyamala ambao siku hizi wanasimulia kana kwamba alizaliwa na mbwa mkononi. Uongo mtupu. Miaka hamsini na kitu ya maisha yake, akiona mbwa anakuja kushoto, yeye huvuka kulia, na baibui kalishika juu kama anayevuka dimbwi. Wala si kwa chuki. Kwao, na kwa wazee wao, mate na mkojo wa mbwa ni najisi nzito: palipolowa panaoshwa mara saba, na mara moja kati ya hizo kwa udongo. Sasa nani ana muda wa kuosha mara saba kwa ajili ya mbwa wa watu?

Na kazi yake ilitaka usafi. Alikuwa mshonaji wa kofia za mkono, zile nyeupe za vitundu vidogo vidogo, ambazo kijana akivaa Ijumaa, hata akiwa mhuni wa kutupwa, anaonekana mtoto wa watu. Kofia ni vazi la kusalia. Alikuwa akizishonea chumbani, karibu na mswala wake, na mikono alinawa kabla ya kushika sindano kama anavyonawa mtu kabla ya kula.

Macho yake yalikuwa mazima. Kilichomtoroka ni masikio. Yalianza kwenda taratibu, mumewe Mbwana akiwa hai, na kwa kuwa Mbwana alikuwapo, hakuna aliyeona. Mtu akibisha hodi, Mbwana anaitikia. Simu ikilia, Mbwana anampelekea. Alipofariki Mbwana, ndipo jamaa wa nyumbani tu walipojua kwamba Bi Rukaiya alikuwa akisikia kwa masikio ya mwenzake. Akapimwa, akapewa kifaa cha kuvaa sikioni. Kikawa kinampigia miluzi kama birika, akakiweka kabatini pamoja na vikombe vya wageni. Ukimkabili ukasema polepole, anakusoma midomo. Ukigeuka, umeondoka na maneno yako.

Lakini kimya hakikumuuma sana. Kilichomuuma ni kwamba watu waliacha kuja. Siku za msiba nyumba ilifurika mpaka uani. Baada ya arobaini, kiza. Nusaiba, shoga yake wa tangu usichana, aliyefundishwa kushona pamoja naye, hakukanyaga. Mzee Mwishehe, rafiki wa Mbwana wa kufa na kuzikana, aliyekuwa akija kunywa kahawa kila Ijumaa, naye kimya. Bi Rukaiya alikaa chumbani na kofia zake akajiambia, "Kumbe aliyependwa alikuwa Mbwana. Mie nilikuwa mke wa Mbwana tu." Neno hilo hakumwambia mtu. Lilikaa kooni kama mwiba wa samaki, na mwaka ukapita.

Kisha ikaja siku ya mtungi. Mchana kweupe mwizi aliingia jikoni, akabeba mtungi wa gesi, akachukua na simu mezani, na kabla ya kuondoka akala kiporo cha wali kilichokuwa kimefunikwa. Bi Rukaiya alikuwa chumbani hatua chache tu kutoka hapo, anashona, hana habari. Alipotoka akakuta sahani tupu. Hata kuiosha hakuiosha, yule mwizi.

Kaka yake, Badru, alikuja mbio kutoka Mbagala. Badru ni mtu mwema, ila wema wake una sauti kubwa na hauna breki. Alimkalisha dada yake mbele yake na kumwambia huku midomo ikichezacheza kwa uchungu:

"Rukaiya, leo kachukua mtungi. Kesho je? Humsikii mtu, na mtu haji kukutazama. Utahamia kwangu. Wahiba keshakuandalia chumba. Hii nyumba tutaipangisha."

Wahiba ni mke wa Badru, na hana neno baya. Lakini Bi Rukaiya alijua maana ya chumba cha kuandaliwa. Ni kuomba chumvi jikoni kwa mwenzio mpaka siku ya kufa. Nyumba yake ilikuwa ndogo, vyumba viwili na sebule na kiua cha nyuma chenye ukuta, lakini aliijenga na Mbwana, yeye akishona, Mbwana akinunua saruji. Hakutaka kuhama. Na ubaya ni kwamba hoja ya kaka yake hakuwa na jibu lake: kweli hasikii, na kweli watu hawaji.

Mwanawe Talha ndiye aliyeleta jibu, ndani ya boksi la sabuni. Talha ni dereva wa lori linalolala kwenye yadi moja ya Mikocheni, na mke wa tajiri wake alikuwa na mbwa wa aina ya teria aliyezaa.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba. Nini hicho?"

"Masikio yako."

Bi Rukaiya akachungulia. Akaruka nyuma. "Talha! Mbwa? Mie na kofia zangu unaniletea mbwa?"

"Teria huyu, mama. Haukui sana, lakini kelele zake hata Magomeni watasikia. Mtu akija tu, anakwambia."

"Ananiambiaje na mie sisikii?"

Talha alikuna kichwa. Hilo hakulifikiria, mtoto wa watu. "Utamwona," akasema mwishowe, na kesho yake akaondoka na lori kwenda Tunduma.

Ndani ya boksi palikuwa na kitu cha ukubwa wa mkate wa bofulo, cheupe chenye mabaka ya kahawia, mithili ya kashata ya nazi iliyoungua pembeni. Kikamtazama. Kikapiga mwayo. Bi Rukaiya akamwita Kashata kabla hajaamua kama anamtaka, na mwenye kumpa mnyama jina keshajifunga mwenyewe.

Badru aliposikia alicheka, kisha akakasirika, kisha, kwa kuwa ni mcha Mungu, akaenda kumuuliza ustadhi wa msikiti wake. Ustadhi akamwambia mbwa wa ulinzi kwa mwenye haja naye ana ruhusa yake, mradi twahara ilindwe na asisogee pahala pa kusalia. Badru akarudi na sharti.

"Nakupa mpaka hitima ya Mbwana, mwezi wa Shaabani. Watu watakaa chini hapa sebuleni wasome Qur'ani. Nikikuta huyo mnyama anafanya kazi na nyumba yako ni safi, sitafungua mdomo tena. Nikikuta mkojo sebuleni, hata tone, tunapakia mizigo siku hiyohiyo."

"Nimekubali, kaka," alisema Bi Rukaiya. Wakati huohuo, nyuma ya mguu wa kaka yake, Kashata alikuwa anachutama.

Basi ikaanza kazi. Na hapa lazima tumcheke kidogo, naye mwenyewe atacheka, maana alijitesa kwa nia njema. Kila Kashata alipokojoa, Bi Rukaiya alileta beseni lake la udongo msafi aliouchekecha kama unga. Akamwaga maji, akasugua udongo juu ya saruji, akasuuza, akasuuza tena, mpaka zikatimia saba. Sebule ikawa twahara. Kashata akaja, akanusa palepale, akachutama tena. Saba nyingine. Kufikia Ijumaa mgongo ulikuwa unamlilia, na Kashata alikuwa na vituo vyake vinne ndani ya nyumba, vyote vimesuguliwa vikang'aa, na vyote akivirudia kwa uaminifu mkubwa.

Talha alimtumia video kwenye simu mpya aliyomnunulia. Mzungu mmoja alitandika magazeti sakafuni na mbwa wake akaenda kukojoa juu yake kama karani anayekwenda mezani. Bi Rukaiya akatandika magazeti. Kashata akayachanachana, akalala juu yake, alipoamka akaenda kukojoa mlangoni.

Akaenda kumuuliza Sesilia. Sesilia ni jirani wa ukuta kwa ukuta, Mchaga wa Rombo, mwenye saluni Mwenge. Hutoka alfajiri na kurudi magharibi, kwa hiyo mchana nyumba yake ni kufuli.

"Shikamoo, mama Talha. Mbwa? Kwetu tunaye tangu mie sijazaliwa."

"Mlimfundishaje choo?"

Sesilia akabaki mdomo wazi. "Choo? Kwetu mbwa anakaaga nje mama, migombani huko. Ishu ya choo anajua mwenyewe. Labda umchape."

Bi Rukaiya akamchapa kandambili moja, si kwa nguvu. Siku ile hakuona mkojo popote, akamshukuru Mungu. Kesho yake akasikia harufu, akalisogeza sanduku la nguo, na nyuma yake akakuta ziwa. Kashata alikuwa amejikunja pembeni, anatetemeka, macho yamemtoka. Bi Rukaiya aliona wazi kwamba amemfundisha jambo moja tu, nalo ni kumwogopa. Akaivaa kandambili yake mguuni na hakuivua tena kwa kazi hiyo.

Siku moja asubuhi alikuwa amekaa uani na kofia yake, beseni la udongo limewekwa karibu na mlango, tayari kwa lolote. Kashata akaamka usingizini, akajinyoosha. Bi Rukaiya akaacha kushona akamtazama, maana mtu asiyesikia hujifunza kutazama. Mtoto wa mbwa alishusha pua, akazunguka. Akapita kwenye saruji tupu, hakuitaka. Akapita juu ya gazeti, hakulitaka. Akafika kwenye beseni. Akainusa ile midomo ya beseni, akajitahidi, akapanda, akaangukia ndani, akachutama juu ya udongo wa twahara na kukojoa kwa raha zake zote.

"Ewe mwanaharamu!" Bi Rukaiya alisimama, sindano mkononi. Kisha akakaa. Kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka machozi yakamlowesha kanga, peke yake uani, kwa mara ya kwanza tangu azikwe Mbwana.

Kumbe! Mtoto wa mbwa anatafuta ardhi. Katika nyumba nzima ya saruji, ardhi inanukia wapi? Pale mama anaposugua udongo. Kila alipotwaharisha sakafu, Bi Rukaiya alikuwa anamwandikia Kashata kibao cha choo, na Kashata, mtoto mtiifu, alikuwa anatii. Mwenye makosa hakuwa yeye.

Siku hiyohiyo mambo yakabadilika. Udongo wa kuoshea uliingia kwenye kopo lenye mfuniko, likapanda juu ya kabati. Sakafu, baada ya zile saba, aliimalizia kwa sabuni na maji ya ndimu mpaka harufu ya ardhi ikakatika. Lile beseni likawa la Kashata, likawekwa sebuleni. Akiamka, anabebwa kwenye kitambaa hadi beseni. Akila, beseni. Akicheza akaanza kuzunguka na pua chini, mbio, beseni. Akimaliza kwa usalama, anatupiwa dagaa mmoja na kuambiwa, "Maashallah, baba!" kwa sauti ambayo Bi Rukaiya hakujua ni kubwa kiasi gani, ila Sesilia anasema mtaa mzima ulikuwa ukijua mbwa wa mama Talha keshajisaidia.

Beseni likawa linasogea kidogo kidogo kutoka sebuleni, likapita mlango wa nyuma, likaenda mpaka pembe ya ua pasipo saruji, chini ya mpapai. Huko akaumwaga udongo wake, na beseni likaondoka. Kashata akazunguka, akanusa, akaona ardhi ni ileile. Akachutama. Bi Rukaiya alimpa dagaa watatu na akainua mikono kushukuru, na haoni haya kusema hivyo.

Kizingiti cha chumba cha kushonea kilikuwa somo la pili. Alikaa ndani, Kashata nje. Akivuka, hapati kitu. Akisimama kwenye kizingiti, dagaa anaangukia upande wake. Mbwa yule ni mlafi, na ulafi ni mwalimu mzuri. Mara moja tu aliingia akakwapua kofia iliyobaki kidogo kumalizika. Haikuuzwa tena, bila shaka. Mpaka leo ndiyo anayoilalia, na hakuna mbwa mwingine Mwananyamala mwenye matandiko ya vitundu vya mkono.

Ikabaki kazi iliyomleta: hodi. Jumapili, Sesilia akitoka kanisani, alisimama mlango wa mbele akaita hodi huku akitikisa pazia la dirisha ili Bi Rukaiya aone kwamba anaita. Kashata akainua masikio na kubweka. Bi Rukaiya hakumsikia, alimwona: tumbo linamtikisika, miguu ya mbele inaruka. Akampa dagaa. Wakarudia mpaka Sesilia akalalamika koo limemkauka. Baada ya Jumapili chache, Kashata akawa akisikia hodi anakimbia hadi kizingitini, anazunguka kama pia, anakimbilia mlango wa mbele, anarudi, anazunguka tena.

Ikaja Ijumaa moja, baada ya swala. Bi Rukaiya alikuwa anamalizia safu ya vitundu. Kashata akaja kizingitini akazunguka.

"Dagaa wameisha," akamwambia.

Kashata akaenda mlangoni, akarudi, akazunguka. Akaenda, akarudi. Bi Rukaiya akaguna, akaweka kofia, akaenda kufungua.

Mlangoni hapakuwa na mtu. Lakini mbele kidogo njiani, mzee mwenye kanzu na bakora alikuwa anaondoka polepole. Bi Rukaiya aliujua mgongo ule. Akaita kwa nguvu zake zote, "Shemeji Mwishehe!"

Mzee akageuka. Akarudi, mdomo wazi. "Shemeji! Kumbe upo?"

"Nipo. Niende wapi?"

"Mie nikajua ushahamia Mbagala kwa kakako." Mzee Mwishehe hakujua kwamba anasomwa midomo, akatazama chini, Bi Rukaiya akamgusa mkono wa kanzu ili ainue uso. "Nasema, nimekuja mara nyingi. Tangu eda yako iishe. Kila nikitoka msikitini nikipita huku nabisha hodi. Moja, mbili, tatu. Kimya. Sasa mtu mstaarabu hodi tatu zikiisha atafanya nini? Naenda zangu."

Bi Rukaiya alishika fremu ya mlango. Hodi tatu. Hivyo ndivyo alivyofundishwa na yeye utotoni: ukiita mara tatu usijibiwe, rudi, usichungulie, usigonge kama mdai. Watu wake wote ni watu wa adabu. Waliita mara tatu na wakarudi, kwa adabu, mmoja mmoja, mwaka mzima, na yeye yuko ndani anawahesabu kuwa wamemtupa.

"Na Nusaiba?" akauliza. "Unamwonaga Nusaiba?"

"Nusaiba analalamika mpaka leo. Anasema alikuja na sahani ya vitumbua, akarudi nayo. Anasema umemnunia na hajui kakukosea nini."

Bi Rukaiya alilia palepale mlangoni, mbele ya shemeji yake, bila kujifunika. Ule mwiba wa mwaka mzima ukatoka. Hawakumwacha! Mola wangu, alisema moyoni, hawakuniacha hata siku moja, walikuja, nami nikawawekea kinyongo watu wasio na kosa. Kashata alikuwa kasimama katikati yao, anamwangalia huyu, anamwangalia yule, anangoja dagaa wake.

"Masikio yangu yamekwenda, shemeji. Huyu ndiye aliyeniambia kuwa umekuja," Bi Rukaiya alisema akifuta macho.

Mzee Mwishehe akasogeza kanzu yake pembeni, akamtazama yule mnyama kwa makini. "Basi," akasema, "huyu ana adabu kutushinda sie. Sie tuliishia tatu." Akaingia ndani, na vikombe vya wageni vikatolewa kabatini.

Kesho yake Bi Rukaiya alikwenda mwenyewe kwa Nusaiba. Yaliyosemwa huko ni ya kwao, lakini walilia, wakacheka, na vitumbua vililiwa.

Siku ya hitima ikafika. Badru alikuja mapema na Wahiba, na nyuma yao kirikuu cha kukodi, kile kigari cha mizigo, tayari kubeba kitanda na kabati. Alikuwa na hakika kiasi hicho. Akaita hodi, na kabla hajaita ya pili mlango ukafunguliwa. Aliingia akapita kila pembe ya sebule, pua ikifanya kazi kuliko ya Kashata. Hakuona tone.

Watu wakaja. Badru alikuwa ametarajia jamaa wachache. Wakaja mpaka majamvi yakaazimwa msikitini na sufuria zikaazimwa kwa jirani. Wanaume sebuleni, wanawake uani na chumbani. Moshi, vitunguu, vicheko vya Nusaiba. Katika shughuli hiyo hakuna aliyekumbuka kitu kimoja: wapishi walitaka pahala pasipo saruji pa kutega mafiga ya pilau, na uani pahala hapo ni pale tu, chini ya mpapai. Mlango mdogo wa uani wa kutokea nje nao wakauziba kwa kuni.

Katikati ya Yasini, Kashata akaja kizingitini akazunguka. Bi Rukaiya akajipenyeza hadi mlango wa mbele, akatazama. Hakuna mtu. Akarudi. Kashata akazunguka tena, safari hii uso kaelekeza uani, kisha akamtazama, kisha uani. Bi Rukaiya akachungulia nje. Akaona moto, akaona sufuria juu ya choo cha mbwa wake.

Mlango wa uani wa kutokea nje umezibwa. Njia iliyobaki ni sebuleni, katikati ya wasomaji, juu ya majamvi ya msikiti, mbele ya macho ya Badru. Akikaa, mbwa atashindwa. Akipita, mbwa akishindwa mikononi mwake, ndiyo basi, nyumba imekwenda. Akachukua kanga kuukuu, akamfunga Kashata kama kichanga, kichwa na vyote, akamnong'oneza, "Jikaze, baba. Nakuomba," na akapita.

Alipita ukutani, mgongo ameuinamisha kwa adabu. Wazee waliinua macho. Kijitu ndani ya kanga kilikuwa kinatetemeka kwa kujizuia. Badru aliona, akafunga msahafu, akainuka akamfuata. Bi Rukaiya alifika nje, akavuka hadi kwenye mchanga kando ya mfereji, akamweka chini. Kashata hata kuzunguka hakuzunguka. Alichutama na kukojoa mkojo mrefu usiokwisha, macho ameyafumba. Kanga ilikuwa kavu.

Badru alisimama mlangoni anatazama. Akaja mbele ya dada yake ili amwone midomo.

"Alikuwa anajizuia?"

"Alikuwa anajizuia."

"Na ndiye aliyekuja kukwambia?"

"Ndiye."

"Wanangu mie," alisema Badru, "walinichukua miaka mitatu. Na yule wa mwisho hatujui mpaka leo." Akacheka, na dada yake akacheka, wakashikana mabega nje ya nyumba ya Mbwana huku ndani watu wakimwombea.

Alasiri, pilau lilipokwisha, kirikuu kilipakia mzigo. Kilibeba majamvi ya msikiti na sufuria za kuazima, na Wahiba akakaa mbele na sahani yake ya kupeleka nyumbani. Kitanda cha Bi Rukaiya kilibaki kilipo. Aliwasindikiza wote kwa kuwapungia mkono mpaka njia ikawa tupu, akafunga mlango, akaketi chumbani akishukuru: kwa Talha na boksi lake la sabuni, kwa koo la Sesilia, kwa Nusaiba, kwa mzee Mwishehe na miguu yake mibovu iliyorudi na kurudi, na kwa Mola aliyemfichia rehema pahala ambapo yeye asingetazama kamwe.

Hajamaliza, Kashata akaja kizingitini akazunguka.

Alifungua mlango. Badru alikuwa amesimama kizingitini peke yake, kirikuu kikimngoja kule mbele.

"Umesahau nini, kaka?"

"Sijasahau kitu." Badru alikohoa, mtu mzima kaona haya. "Nilitaka kujua tu. Nimeita kwa sauti ndogo kabisa, Rukaiya. Nimeita moja tu."

"Siku hizi moja inatosha," alisema Bi Rukaiya. "Karibu ndani."